Nani Abebe Mchi? Mwongozo Kamili wa Kuunda Wenzi wa Safari katika Hadithi ya Fantasia

Kambi ya Kibo haina maji. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, maji ya mwisho unayaacha chini, mwendo mrefu kabla ya kufika kambini. Kuanzia hapo kila kikombe cha chai atakachokunywa mgeni kimepandishwa na mtu hadi karibu mita 4,700. Kwa misimu mitatu nilikuwa mmoja wa watu hao. Hapa Moshi tunaitwa wagumu.

Siku hizi naandika hadithi, na vijana wa Moshi na Arusha huniletea rasimu zao nizisome. Nyingi ni za fantasia, na shujaa wao kwa kawaida ni mzuri: ana jina linalokaa kichwani, ana alama begani tangu kuzaliwa, ana fimbo ya babu. Nyuma yake wanafuata wenzake watatu au wanne. Nikiuliza, "Maji yanabebwa na nani?" mwandishi hunyamaza. Wale wenzi hawabebi chochote. Wamewekwa pale ili shujaa asizungumze peke yake.

Mwongozo huu ni wa kurekebisha hilo, hatua kwa hatua. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na nimeujenga juu ya ngano ambayo kila mtoto wa Kichaga ameisikia. Mawenzi alikuwa na tabia ya kwenda kwa Kibo, kilele mwenzake wa Kilimanjaro, kuomba moto. Akipewa moto na chakula, anauzima njiani ili arudi kupewa tena. Kibo alipochoka alimpiga kwa mchi, ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechanikachanika hadi leo.

Katika hadithi yangu ya mfano, tangu kipigo kile mafiga ya mlima mzima yamepoa na moto haushiki popote. Binti wa miaka 16 kutoka Old Moshi, Manka, anatumwa kwa Kibo kuomba kaa moja la moto na kulirudisha ndani ya chungu. Kuna sharti: anayelibeba akisinzia, kaa linazimika. Tena Kibo hupokea ombi moja tu kwa kila msafara.

Angalia sharti hilo la usingizi. Kushuka ni siku tatu, na binadamu wa kawaida hawezi kukesha siku tatu huku anatembea. Kwa hiyo Manka hawezi kwenda peke yake hata akiwa jasiri kuliko simba. Kama sharti la safari yako linaweza kutimizwa na mtu mmoja mwenye nguvu, rudi ulibadilishe kwanza, kabla hujaumba mwenzi hata mmoja.

Hatua ya 1: Pima mizigo kabla ya kutafuta watu

Langoni mizigo ya wagumu hupimwa kwenye mizani, na mwisho ni kilo 20 kwa mtu. Hakuna anayeuliza kwanza nani ni mcheshi na nani ni mpole. Mzigo ndio unaoonyesha watu wangapi wanahitajika.

Fanya vivyo hivyo mezani kwako. Chukua karatasi, usiandike jina la mtu yeyote. Andika kila kitu ambacho safari inadai: vitu vya kushikika, ujuzi, na hata mambo yanayoumiza. Orodha ya Manka ilitoka hivi: chungu; njia ya msituni; njia ya juu ya msitu; maji; chakula kisichohitaji kupikwa, maana moto hakuna; kumwamsha anayebeba kaa; lugha ya zamani ambayo Kibo anaielewa; na mtu wa kumwambia Manka "hapana".

Huo wa mwisho husahaulika, nao ni mzito kuliko chungu. Shujaa asiye na wa kumkatalia hukosea peke yake na kujisahihisha peke yake, na msomaji anabaki kutazama.

Sasa mpe shujaa mzigo mmoja, ule ambao yeye ndiye atakayeuwajibikia hadi mwisho. Manka amepewa chungu. Mizigo mingine yote igawanywe kwa watu ambao bado hawajazaliwa. Ukimaliza kugawa na ukakuta kuna mwenzi unayempenda sana lakini mikono yake ni mitupu, mrudishe langoni. Najua inauma. Mimi nilimrudisha mpiga marimba niliyekuwa nimemwandikia kurasa 11.

Hatua ya 2: Kila mmoja apande kwa sababu yake

Katika msafara mmoja wa zamani zangu, mwenzangu wa kulia alikuwa anatafuta bati za nyumba. Wa kushoto alikuwa na ada ya mtoto. Wa tatu alikuwa amegombana na baba yake na hakutaka kuonekana nyumbani wiki hiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyepanda ili mgeni afike Uhuru, kileleni. Lakini mgeni alifika, kwa sababu njia zetu na yake zilikuwa moja kwa siku sita.

Hapo ndipo rasimu nyingi zinaponisikitisha. Wenzi wanaacha mashamba, watoto na ng'ombe wao kwa sababu tu shujaa "ameteuliwa". Binadamu hatuko hivyo. Muulize kila mwenzi swali hili: ungekwenda huko hata kama shujaa asingekuwepo? Akikosa jibu, bado hajawa mtu.

Hawa ndio niliowapata kwa Manka.

Mama Aika ni mpika mbege. Ndizi za mbege huchemshwa, na ulezi wake hupikwa. Bila moto hana kazi wala jina mtaani. Yeye atabeba chakula: ndizi mbivu, maziwa ya mgando, asali. Anasisitiza pia kubeba mchi wake wa kutwangia, na hasemi kwa nini.

Mzee Kimambo alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji wa kuleta maji vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani. Anajua njia ya juu na lugha ya zamani. Mwanawe alitumwa kuomba moto miaka iliyopita, hakurudi. Mzee anataka kufika pale mwanawe alipobaki.

Lemayani ni kijana mfugaji kutoka tambarare. Ng'ombe wa baba yake wanakufa kwa ukame, naye amesikia kwamba Kibo hupokea ombi. Atabeba maji, na atakuwa wa kumwamsha Manka, kwa kuwa amezoea kukesha akilinda zizi. Lakini yeye anataka mvua. Msafara una ombi moja. Umeona? Sijatafuta mgogoro, umeingia wenyewe kupitia sababu zao.

Wa nne ni mbega, yule wa manyoya meusi na meupe anayeishi kwenye msitu wetu. Anajua njia ya msituni na husikia hatari mapema. Anafuata msafara kwa sababu baridi ya mlima usio na moto imeanza kuua watoto wa kundi lake.

Hatua ya 3: Idadi

Wanne wanatosha. Watano ukiwa mzoefu. Zaidi ya hapo utaanza kuandika "wote wakakubali", na ukishaandika hivyo mara tatu ujue kuna watu wawili waliokufa bila wewe kuwazika.

Hatua ya 4: Waitane kama watu wa mahali pao

Kiswahili kimetupa chombo ambacho waandishi wachanga hawakitumii vya kutosha: namna watu wanavyoitana. Kwetu mtu haitwi jina tupu na kila mtu. Anaitwa kwa umri, kwa undugu, kwa heshima, kwa ukaribu. Kwa hiyo uhusiano ukibadilika, neno libadilike, na usimweleze msomaji kwamba limebadilika.

Siku ya kwanza Lemayani anamwita Mama Aika "mama", kama anavyomwita mwanamke yeyote mtu mzima sokoni. Usiku wa kambi ya Horombo, karibu mita 3,700, anaamka na kukuta kanga mbili za Mama Aika ziko juu yake, na mwenyewe amejikunyata kando ya mwamba. Asubuhi:

"Yeyo, nipe huo mchi nikubebee."

"Uliusema vibaya jana."

"Nilisema ni mzito. Bado ni mzito. Nipe."

Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Hakuna haja ya kuongeza kwamba moyo wa kijana umelainika.

Kwa Mzee Kimambo fanya kinyume. Manka anamsalimu "Shikamoo, meku," (meku ni mzee kwa Kichaga) naye anaitika "Marahaba" bila kuongeza neno. Usimpe "mwanangu" mapema. Mzee aliyepoteza mwana hagawi neno hilo ovyo. Litunze hadi mahali ambapo litamgharimu.

Kila sauti iwe na kipimo chake. Mzee anaongea kwa sentensi fupi na huzungumzia maji hata anapozungumzia watu. Mama Aika huuliza maswali ambayo majibu yake anayajua. Lemayani hutaja rangi za ng'ombe. Mbega usimfanye aongee Kiswahili sanifu. Mimi nilimpa mlio mmoja wenye maana tatu, na Manka anakosea maana mara moja. Kosa hilo linawapotezea siku nzima.

Hatua ya 5: Wale pamoja

Hapa nakaa kidogo, maana naamini urafiki wa kwenye karatasi unazaliwa mahali pa chakula kuliko vitani.

Simulizi za Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, zinalijua hili vizuri sana. Alipofungwa, aliyemwokoa hakuwa askari. Alikuwa Saada, kijakazi aliyempelekea chakula gerezani. Walinzi walikuwa wakichukua chakula kizuri na kuacha kibovu, basi tupa, chombo cha kukerezea chuma, ikafichwa ndani ya mkate wa wishwa, yaani wa pumba, ambao wasingeutaka, na kwa tupa hiyo akakata minyororo huku ngoma ikivuma nje. Tazama jinsi mzigo wa Saada ulivyo mdogo: kubeba chakula na kubeba ujumbe. Bila yeye hadithi inaishia gerezani.

Na waliotaka kumuua walitumia njia ileile ya chakula. Walijifanya rafiki zake, wakala naye kikoa, yaani kila siku zamu ya mmoja kulisha wenziwe. Wakawa wanapanda mkoma, mti wa jamii ya mnazi, kuangusha matunda yake, makoma, kwa zamu, wakisubiri siku ya Liyongo apande wamfume akiwa juu ya mti. Zamu yake ilipofika hakupanda. Aliangusha makoma kwa mishale akiwa chini.

Ukitaka kujifunza kuandika mwenzi msaliti, anza na kikoa hicho. Usaliti unauma kwa sababu walikuwa wamekula pamoja siku nyingi. Msaliti anayenuna tangu ukurasa wa kwanza hamsaliti mtu.

Kwa hiyo andika angalau milo mitatu. Mlo wa kwanza, kila mtu anakula chake. Katika mfano wangu wako kambi ya Mandara, mita 2,700 hivi, ukingoni mwa msitu: Lemayani amegeuka upande anakunywa maziwa yake, Mzee anamenya ndizi taratibu, Manka hana hamu. Mlo wa pili, mmoja anakosa na mwingine anagawa bila kuombwa. Mlo wa tatu chakula hakitoshi, na namna wanavyogawana inaonyesha wamekuwa nini. Mimi mlo wa tatu niliupa ndizi moja na watu watatu. Mama Aika aliikata vipande viwili.

Hatua ya 6: Wagombane kuhusu kitu kidogo

Wagumu hawagombani kuhusu maana ya maisha. Wanagombana kuhusu kamba, kuhusu nani amewekewa jiko la gesi jana na leo tena. Nyuma ya kamba kuna mambo mengine, lakini mdomoni ni kamba.

Ugomvi wa msafara wa Manka ni kuhusu mchi. Ni mchana wa kabla ya ule usiku wa Horombo, wako kwenye nyanda za juu, hewa imekuwa nyepesi, kila hatua inahesabika. Lemayani anasema mchi utupwe: hakuna kinu, hakuna nafaka, hakuna moto. Mama Aika anakataa. Manka anaamua utupwe. Mzee Kimambo, ambaye hajawahi kumpinga, anasema, "Hapana. Anayebeba ndiye anajua." Kumbe nyuma ya mchi kuna ombi moja na watu wawili wanaolihitaji, na katika hasira hiyo Lemayani anatamka mvua kwa mara ya kwanza. Kila mtu anagundua kwamba kijana hajaja kwa ajili ya kaa.

Baada ya ugomvi unahitaji patano, na patano la maneno matupu halitoshi. Wachaga wana isale, mmea unaopandwa mpakani mwa vihamba. Jani lake likipelekwa kwa uliyemkosea ni ombi la msamaha ambalo si rahisi kulikataa. Mzee Kimambo alikuwa nalo kwenye mfuko tangu nyumbani, limekunjwa. Alilibeba kwa ajili ya mwanawe. Anampa Manka ampelekee Lemayani, na sasa yeye mwenyewe amebaki bila jani. Tafuta kitu cha namna hiyo mahali unapotoka. Kipo. Waulize wazee.

Hatua ya 7: Amua kila mmoja anabaki wapi

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu ya mwongozo huu, fanya hii.

Usiku wa kilele, msafara huondoka Kambi ya Kibo karibu na saa sita usiku. Wanaokwenda ni wageni na waongoza njia. Wagumu wengi wanabaki. Nimebaki mara nyingi. Unatoka nje ya hema unaona taa za kichwani zimejipanga gizani kama shanga, zinapanda kwa kupinda kushoto na kulia, polepole mno. Baridi iko chini ya sifuri. Unarudi ndani, hulali. Asubuhi mgeni mmoja alirudi kutoka Uhuru, mita 5,895, akakaa juu ya jiwe. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji". Nikampa yale niliyoyapandisha jana yake. Alikunywa yote, akalia. Sikujua kilichotokea juu, lakini nilijua kwamba nilikuwa sehemu yake.

Tangu siku hiyo siamini hadithi ambayo wenzi wote wanafika kileleni wakisimama mstari mmoja. Mlima unapunguza watu. Vihamba vina watu wake, msitu una wake, nyika ya juu ina wake, jangwa la mawe lina wake, barafu ina wake. Chora ramani ya safari yako, kisha andika jina la mwenzi mmoja kwenye kila mpaka. Hapo anabaki. Anapobaki, mambo mawili yatokee: mzigo wake uhamie kwa mtu mwingine asiyeuweza vizuri, na sababu yake ya kupanda ipate jibu, zuri au baya.

Mbega anabaki miti inapoisha, hawezi kuishi bila miti. Kuanzia hapo msafara hauna masikio. Sikumpa kifo. Alikaa kwenye tawi la mwisho akitazama, na ilitosha.

Mzee Kimambo anabaki kwenye bonde lenye ile mimea mikubwa iliyosimama kama watu, ambayo majani yake yaliyokufa hayadondoki bali hulifunika shina kulikinga na baridi ya usiku. Mmoja umesimama tofauti, umeinama kama mtu aliyebeba kitu. Mzee anaugusa, anakaa chini yake. Mikono yake haina isale. Manka anapotaka kubaki naye, ndipo anapolitumia lile neno: "Nenda, mwanangu." Alikuwa akilitunza kwa mwingine, na huyo mwingine yuko pale anasikia. Njia ya juu na maneno ya zamani yanahamia kwa Lemayani, kijana wa tambarare aliyejifunza maneno hayo kwa siku moja na kuyatamka vibaya.

Mama Aika anabaki kambini na maji yaliyosalia. Lemayani anafika ukingo wa kreta. Yeye ndiye mwenye maneno ya kumwomba Kibo, na maneno ni yaleyale, iwe ni moto au mvua. Anakaa muda mrefu. Kisha anamfundisha Manka namna ya kuyatamka, na anabaki ukingoni kwa hiari yake.

Manka anapewa kaa. Anaanza kuteremka kuelekea ukingoni akiwa peke yake, hewa ikiwa kama nusu ya ile ya pwani, macho yanafumba. Hakuna wa kumwamsha. Hapo ndipo anasikia kutoka chini kabisa: du. Du. Du. Mama Aika anapiga mchi juu ya mwamba, usiku kucha, katika mlima ambao kila jiwe linaukumbuka mchi.

Usiue mwenzi ili shujaa akasirike. Ni njia ya mkato na msomaji ameshaizoea. Aliyebaki hai akifanya kazi gizani ana nguvu zaidi.

Hatua ya 8: Andika kushuka

Waandishi wengi hufunga hadithi kileleni. Lakini kileleni ni katikati ya safari. Kushuka kuna madeni, na wenzi ndio wanaodai.

Kwanza jaribu rasimu yako hivi: mtoe mwenzi mmoja, soma upya kuanzia anapoingia. Hadithi ikiendelea kama kawaida, hakuwa mwenzi. Rudia kwa kila mmoja. Nilipomtoa mbega mara ya kwanza hakuna kilichoharibika, ndipo nikamwongezea ule mlio wenye maana tatu na siku iliyopotea.

Kisha mpitishe shujaa kwenye kila mpaka kwa mpangilio wa kurudi. Manka na Lemayani wanapokezana chungu, mmoja akilala mwingine anakesha. Wanamkuta Mama Aika viganja vimepasuka, hawezi kushika kikombe, wanamnywesha. Bondeni kuna mimea miwili iliyoinama, jana ilikuwa mmoja. Lemayani anavua shuka lake na kulifunga kwenye shina la pili. Miti inapoanza, mbega yuko kwenye tawi lilelile.

Wanafika Old Moshi jioni. Watu wamejipanga barabarani, mama yake Manka amepanga kuni kavu kwenye mafiga. Manka anamsalimu, anamwomba radhi, anapita na chungu mkononi. Anaendelea kushuka na Lemayani hadi tambarare, usiku mwingine mzima bila kusinzia, kwenye boma la watu ambao hawakumtuma. Moto wa kwanza unawashwa huko, kwa kuni mbichi, ili moshi wake uwe mzito na upande juu kuita mawingu.